Makofi kwa Walimu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukutani, mbele ya baraza ya fundi cherehani, na kama hujui ni baraza ipi, fuata harufu ya kahawa na sauti za watu wanaogombana kwa raha zao. Fundi wanamwita Kipimo, kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni. Hata msibani huenda nao. Penye kivuli hukaa Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, ambaye hukaa akitazamana na mlango wake mwenyewe, na mteja akitoka mikono mitupu humtukana kimoyomoyo. Kando yake hukaa Redio, karani mstaafu, mtu asiyepitwa na habari wala asiyejali kama habari hiyo ni ya kweli. Mbele yao, na jiko lake la mkaa, hukaa Mama Birika, anayeuza kahawa na kusikiliza bure. Asubuhi hiyo kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa wakati gari la matangazo lilipopita polepole, spika juu ya paa, likiwaita watu alasiri kwenye uwanja wa shule. Halmashauri ya mji imeishiwa, lilisema. Walimu wa shule ya mtaa wanaondoka mmoja baada ya mwingine kwa sababu mshahara hautoshi. Kwa hiyo wenye maduka, karakana na meza za biashara wanaombwa wakubali mchango wa kila mwezi wa kuwaongezea. Waje wapige kura kwa mikono.

Gari lilipokata kona, Saruji alishusha kikombe.

— Mmesikia hiyo? Tunaombwa. Halmashauri ikikuomba, ujue imeshakukata.

— Imeshakata zamani, alisema Redio. Leo wanatuita tuone jeraha.

— Ushuru wa leseni nalipa. Ushuru wa taka nalipa, na taka nazichoma mwenyewe. Sasa ushuru wa mwalimu. Kesho watanidai ushuru wa kengele, kwa sababu nikikaa hapa naisikia.

— Usiwape wazo, alisema Mama Birika.

Kipimo alikuwa ameinamia cherehani, akipiga upindo kwenye sketi ya bluu, na mguu wake uliongeza kasi kidogo kwenye pedali. Kati ya wote pale, yeye ndiye aliyekaa pabaya, na alijua kwamba wenzake wanajua. Mkewe alikuwa mwalimu katika shule hiyo hiyo. Mshahara wake, kadiri ulivyokuwa, ndio uliolipa kodi ya nyumba; cherehani ililipa chakula ikiwa wateja wamelipa, na wateja walikuwa na desturi ya kulipa wakishachakaza nguo. Kwa hiyo mchango ungemtoka yeye fundi mwenye karakana, uende halmashauri, ukazunguke huko, na kama haukupotea njia, urudi kwenye mkoba wa mkewe.

— Kipimo kanyamaza, alisema Saruji. Mwacheni. Mkono wa kulia unautoza wa kushoto, lazima mtu ashikwe na kizunguzungu.

— Sijanyamaza, nafanya kazi.

— Tuambie basi, we shemeji wa walimu wote. Unaunga mkono?

Mtu akishukiwa kuegemea upande mmoja, huegemea upande wa pili kwa nguvu zote asije akaanguka. Kipimo aliinua kichwa na kusimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

— Mimi nasema wahenga hawakukosea. Mwenda pole hajikwai. Mshahara wa mwalimu unakwenda pole kwa usalama wake mwenyewe.

Saruji alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sandali. Redio alimpiga Kipimo begani. Kipimo naye alicheka, halafu akarudi kwenye upindo wake upesi, kwa maana kichekesho kile alikuwa amekisikia kwanza nyumbani, kwa mkewe, siku aliyokuwa akihesabu mara ya pili hela ambazo hazikuongezeka.

— Na wahenga hao hao, Saruji aliendelea, walisema mchumia juani hulia kivulini. Sasa mwalimu anachumia wapi? Kivulini. Tangu asubuhi yuko chini ya paa. Basi akale juani, tusigombane.

— Paa lenyewe linavuja, alisema Mama Birika.

— Bati zile hawakununua kwangu.

— Walikuja kwako. Ukawatajia bei.

Saruji alijifanya amemwona mteja.

Redio alikuwa bado hajaingia uwanjani vizuri. Alikuwa na tabia ya kuwaacha wenzake wachoke, ndipo ashushe mambo yake. Alikunja miguu, akazungusha kikombe mara kadhaa kana kwamba anatafuta stesheni.

— Nyinyi mnazungumzia mshahara. Mimi nawaambia, msingi wenyewe haupo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huo ndio mfumo. Kwanza mama, akishindwa, ulimwengu. Mwalimu ametajwa wapi hapo? Na wote wawili, mama na ulimwengu, hawajawahi kudai mshahara.

— Mama hajawahi kudai kwa sababu hamjawahi kumuuliza, alisema Mama Birika.

— Halafu kuna hili la kuondoka. Eti walimu wanaondoka. Nani kawaona wakiondoka? Mmewahi kuona mwalimu na sanduku? Hawaondoki. Wanafichwa.

— Wanafichwa wapi? aliuliza Saruji.

— Ningejua wapi, wangekuwa wamefichwa?

Saruji alifikiri juu ya hilo, akaliona lina uzito.

— Ili tuone huruma, Redio aliendelea. Wanafichwa, madarasa yanabaki matupu, sisi tunalia, tunatoa. Tukishatoa, wanafichuliwa, wanaletwa upya na majina mengine.

— Yule wa hesabu aliyekuwa anasimamia mbio, alisema Kipimo, yeye anauza simu mjini. Nilimwona.

— Ulimwona. Sawa. Na yeye alikuona?

— Alinisalimia.

— Unaona, sasa. Aliyejificha ndiye husalimia kwanza.

Kipimo aliachana naye. Saruji alikuwa ameshapata moto.

— Mimi sikatai kulipa, alisema, na hakuna aliyemwamini. Nalipa kama kazi imefanyika. Mteja nikimuuzia bomba likapasuka, ananirudishia bomba. Sasa mtoto akifeli nimrudishe wapi?

— Kwa mama yake, alisema Mama Birika.

— Nazungumza kwa makini. Mwalimu alipwe kwa kichwa. Mtoto akifaulu, analipwa. Akifeli, mwalimu anatulipa sisi.

— Mapacha wako wakifeli, alisema Mama Birika, utamfilisi huyo mwalimu kwa kosa lako.

— Mapacha wangu wana akili.

— Juzi mmoja alikuja kununua kahawa yako, nikampa chenji, akanirudishia akasema nimezidisha. Nilikuwa nimepunguza.

Redio aliinua mkono kama mtu anayetuliza bunge.

— Mimi nina dawa ya yote. Mwalimu mmoja. Mmoja tu, ila mwenye sauti. Anapewa kipaza sauti, anapanda juu ya tangi la maji la shule, anafundisha mtaa mzima kwa mkupuo. Watoto wako nyumbani, wanasikia. Hakuna madawati, hakuna paa la kuvuja, hakuna sare.

Kwa neno hilo la mwisho cherehani ilisimama.

— Hakuna sare? aliuliza Kipimo.

— Za nini? Sauti haioni nguo.

Kipimo alitazama lundo lililokuwa kwenye meza yake. Sketi za bluu, kaptura za bluu, mashati meupe yanayosubiri vifungo. Ukiondoa suruali moja ya Saruji ya kupanuliwa kiuno, kazi yote iliyokuwa barazani ilikuwa ya shule.

— Na nani atasahihisha madaftari? aliuliza.

— Watasahihishana.

— Na sisi tusio na watoto wadogo, alisema Saruji kwa hasira ya kweli, tutasikia bure? Hapo lazima watu walipe. Uweke ushuru wa kusikia.

— Unao wawili, Mama Birika alimkumbusha.

— Nasema kwa niaba ya wengine.

Ndipo akaja yule mama. Hakuna aliyemfahamu. Alikuwa na kitambaa cha bluu kwapani, viatu vina vumbi jekundu la barabara ya upande wa juu, ambako nyumba mpya za kupanga zilikuwa zimejengwa. Alisalimia kila mmoja kwa zamu, kama mtu ambaye bado hajui ni nani mkubwa.

— Shikamooni. Fundi ni nani hapa?

— Marahaba. Ni mimi, alisema Kipimo. Karibu, dada.

— Tumehamia wiki hii. Nataka sare ya binti yangu. Yuko kwa shangazi yake, analetwa kesho, ila vipimo ninavyo.

— Darasa la ngapi?

— La nne.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Redio kwa ukarimu, akimsogezea nafasi kwenye benchi. Karibu sana.

Yule mama alitazama miguu yake, akakaa. Kipimo alipokea kitambaa, akakinyoosha mezani, akauliza kiuno na urefu. Mama Birika alimmiminia mgeni kahawa bila kuulizwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na Saruji alikuwa anatafuta mahali pa kurudia hoja yake ya bomba, mgeni alipopuliza kahawa na kuuliza, kwa upole wa mtu anayeuliza saa:

— Samahani, mwalimu wa darasa la nne ni nani? Ningependa nimwone kabla mtoto hajaanza. Huwa anaona haya.

Redio alifungua mdomo. Kwa kawaida mdomo wake ukifunguka, maneno yalikuwa tayari yamepanga foleni. Safari hii halikutoka hata moja.

— Darasa la nne, alisema Saruji. Mapacha wangu wako la nne. Ni yule... mrefu.

— Mrefu ndiye aliyeondoka, alisema Kipimo. Anauza simu.

— Basi yule wa miwani.

— Wa miwani alikuwa la sita. Naye hayupo tangu mvua.

— Mjukuu wangu yuko la nne, alisema Redio polepole, kama mtu anayejipapasa mifukoni. Jana alimtaja. Alisema, mwalimu kasema tupeleke... kitu fulani.

— Kasema nani?

— Mwalimu.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na kejeli usoni, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi. Mwishowe macho yote, pamoja na ya Mama Birika, yalitua kwa Kipimo.

— Shemeji si yuko pale, alisema Saruji. We lazima unajua.

— Mke wangu ni la tatu, alisema Kipimo. La tatu najua. La nne... Alivua kastabini kidoleni. Nitakupeleka, dada. Shule ni hapo tu.

Shule ilikuwa hapo tu kweli, na bado Kipimo hakukumbuka mara ya mwisho kuvuka geti lile. Sare zake zilivuka kila siku, yeye hapana. Walipita uwanjani, ambako mlinzi alikuwa akipanga viti vya mkutano, wakafuata baraza ndefu ya madarasa. Milango miwili ya mwisho ilikuwa wazi, imepakana. Kati ya milango hiyo, nje, kwenye baraza, alisimama mkewe.

Alikuwa na chaki mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Aligeukia mlango wa kushoto, akasema, "Andikeni kuanzia namba ya tatu, kimya kimya." Aligeukia wa kulia, akasema, "Sasa, mto unaanzia wapi?" Darasa la kulia likajibu kwa sauti moja, la kushoto likacheka, naye akageuka tena kabla kicheko hakijakua. Alifanya hivyo kama mtu anayekoroga vyungu viwili, bila haraka. Mgongo wa gauni lake ulikuwa umelowa jasho. Gauni alilishona Kipimo mwenyewe, na kutoka pale aliona kwamba limempwaya. Kiuno kilikuwa kinadai kupunguzwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia fundi.

Mke alimwona. Rangi ikambadilika.

— Nani kafa? aliuliza.

— Hakuna. Hakuna aliyekufa.

— Mbona umekuja?

— Nimekuletea mzazi. Mgeni. Mtoto wake ni wa darasa la nne, anamtafuta mwalimu.

— Amempata, alisema mke. Ni mimi. Karibu, mama.

— Wewe ni la tatu, alisema Kipimo.

— Na la nne.

Yule mama mgeni aliutazama mlango wa kushoto, akautazama wa kulia. Walizungumza kidogo: jina la mtoto, aketi wapi, kama macho yake yanaona ubao. Kipimo alisimama akishika ncha mbili za utepe wake. Mgeni alipochungulia ndani kuona dawati, Kipimo alisogea karibu na mkewe.

— Hukuniambia.

— Nilikuambia. Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano, ukasema "mh".

— Ningesikia.

— Ulitunga vizuri tu, alisema mke, akageukia mlango wa kushoto, kwa sababu namba ya tatu ilikuwa imegeuka vita vya rula.

Kipimo alipofika kijiweni aliwakuta kama alivyowaacha.

— Eh? aliuliza Redio. Ni nani?

— Ni mke wangu.

— Shemeji? Si yuko la tatu?

— Yote mawili. Anasimama mlangoni, anafundisha huku na huku.

Saruji aliweka kikombe chini. Kwa muda mfupi ilionekana kama atasema kitu cha heshima. Kipimo alikiona kikipanda, kikifika kooni. Redio akawahi.

— Madarasa mawili, alisema. Basi mishahara miwili.

Saruji alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

— Nilijua tu. Nilijua kuna kitu hapo. Halafu tuongeze na mchango? Wa tatu huo.

— Ni mshahara mmoja, alisema Kipimo.

— Umejuaje?

— Ni mke wangu.

— Darasa je, si la mke wako? Mbona hukulijua? alisema Redio, bila ubaya wowote, kama mtu anayefunga hesabu.

Kipimo alitafuta methali. Hakukuwa na hata moja iliyokuwa tayari kukaa upande wake. Saruji alinyoosha kikombe aongezewe, na Mama Birika akakichukua kikombe chenyewe, akakisuuza, akakifunika.

— Kahawa imekwisha, alisema.

— Imekwisha saa hizi?

— Imekwisha.

Alinyanyua birika kutoka jikoni kwa mikono miwili, jinsi lilivyokuwa zito, akaondoka nalo.

Alasiri uwanja ulijaa. Wenye maduka walikaa mbele, wenye meza nyuma yao, na walimu waliobaki walipewa viti vya watoto upande mmoja, magoti yakiwafika kifuani. Mwenyekiti alieleza mambo ambayo gari lilikuwa limeshayaeleza. Kabla ya kura, Redio aliomba nafasi. Alisema mwalimu ni mshumaa, huungua ili wengine waone, na akapendekeza kwamba mkutano utoe azimio la kuwapongeza walimu kwa moyo wao. Watu walisimama. Walipiga makofi marefu, ya kutoka moyoni, mpaka njiwa wakatoka kwenye paa la shule. Saruji alipiga kuliko wote, na machozi yalimlenga. Walimu waliambiwa wainuke wapokee, wakainuka.

Halafu mwenyekiti akasema wanaokubali mchango wainue mikono, na watu wakakaa.

Mama Birika aliinua wake. Yule mama mgeni aliinua, mwenyekiti akamuuliza kama ana biashara hapa mtaani, akasema bado, akaambiwa ashushe. Kipimo aliona mkono wake wa kulia ukipanda, halafu akaona umezuiwa. Redio, aliyekaa kando yake, alikuwa ameushika kifundoni.

— Utajiaibisha, alimnong'oneza. Watasema unampigia kura mkeo.

— Ndiyo, alisema Kipimo.

Redio hakuachia. Kipimo akainua wa kushoto.

— Fundi, aliita mwenyekiti kutoka mbele, huo mkono ni kura au unajikuna?

Watu walicheka, na Saruji aliyekuwa mstari wa mbele aligeuka kuona nani anachekwa. Kipimo alihisi masikio yakiwaka moto.

— Ni kura.

Mikono ilikuwa michache kiasi kwamba mwenyekiti hakusumbuka kuihesabu. Mchango ukaanguka. Azimio la pongezi likaandikwa.

Walirudi nyumbani pamoja, yeye na mkewe, jambo lisilo la kawaida. Alimpokea mkoba wa madaftari na kushangaa uzito wake. Walipita mbele ya duka la Saruji, ambalo mlango wake ulikuwa umejaa mapacha wakigombea baiskeli; walipomwona mwalimu wakasimama wima na kusalimia, naye akawaita kila mmoja kwa jina lake bila kuwachanganya.

— Nilikuona, alisema mke, mbele kidogo.

— Wa kulia ulikuwa umeshikwa.

— Na wa kushoto unaonekana vizuri tu.

Walitembea. Kipimo alihamisha mkoba bega la pili. Alitaka kusema jambo juu ya gauni, kwamba alilete alipunguze, akaona si wakati.

— Makofi yalikuwa mengi, alisema badala yake.

— Mengi sana. Mwenzangu wa darasa la tano aliyasubiri yaishe, ndipo akaniaga. Hatakuja Jumatatu.

Kipimo alisimama barabarani.

— Sasa la tano atalichukua nani? aliuliza.

Mkewe alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyenyoosha mkono kuuliza jibu ambalo liko ubaoni, kisha akaendelea na njia.